Cheti cha nishati na karatasi za kuuza nyumba Leicester: kifurushi cha dalali na mpimaji wa kujitegemea

Kwa wenzangu mnaofikiria kuuza nyumba hapa Leicester, nasema mapema: msichukue kile kifurushi cha dalali chenye picha, ramani ya vyumba na cheti cha nishati vyote kwa bei moja. Tafuta mpimaji wako mwenyewe wa cheti hicho, mlipe mwenyewe, na siku anayokuja uwe na faili lako mezani. Sisi tumepitia njia zote mbili kwa nyumba hiyo hiyo moja, na vyeti viwili vilivyotoka havifanani hata kidogo.

Nyumba yenyewe ni ya pacha, ya miaka ya 1930: vyumba vitatu juu, sebule mbili chini, na jiko tulilolisogeza nyuma mwaka 2016. Nyumba nyingi za umri huo zina kuta za tofali safu mbili na uwazi katikati. Uwazi huo usipojazwa, joto la boila linatoka nje usiku kucha na wewe unalilipia. Wetu tuliujaza. Darini tulitandika pamba ya kuzuia baridi mpaka ikafika milimita 270, kiwango kinachopendekezwa huku. Boila tulibadilisha. Kwa hiyo tulipoamua kuuza nilikuwa najua vizuri kwamba nyumba hii si ile tuliyoinunua, na nilitaka cheti kiseme hivyo.

Kwa asiyekijua cheti hiki: hapa England huruhusiwi kutangaza nyumba inauzwa kama cheti cha nishati, ambacho kila mtu anakiita EPC, hakipo au angalau hakijaagizwa. Ukipuuza, faini ni pauni 200. Kinadumu miaka 10. Juu yake kuna herufi ya jinsi nyumba inavyotumia nishati, A iliyo bora mpaka G, na kila herufi ina alama zake: C ni 69 mpaka 80, D ni 55 mpaka 68, E ni 39 mpaka 54. Walioishi huku muda mrefu watakumbuka ile pakiti ya taarifa za nyumba iliyoletwa 2007, ambayo muuzaji alilazimishwa kuigharamia. Pakiti ilisimamishwa Mei 2010, cheti cha nishati peke yake ndicho kilichobaki.

Kabla hujampa mtu pauni hata moja, ingia kwenye rejista ya vyeti ya serikali mtandaoni. Hii ndiyo huduma niliyoipenda kuliko zote, na ni bure. Unaandika postikodi, inakuletea mtaa mzima: namba ya nyumba, herufi yake, na tarehe cheti kinapokwisha. Huulizwi jina wala barua pepe. Niliona cha kwetu cha zamani, D, muda umeshapita. Niliona na cha jirani tunayechangia naye ukuta, nyumba iliyojengwa siku moja na yetu, kina C. Hapo nikaelewa kwamba mnunuzi naye anaweza kukaa kitandani na simu yake akatulinganisha na jirani kabla hajaja kugonga mlango. Na wanafanya hivyo. Wa kwanza kuja kuiangalia nyumba alikuwa anatafuta ya kupangisha, na alitutajia herufi ya jirani kabla hajapanda ngazi.

Huyo alikuwa na sababu. Nyumba ya kupangisha hapa haitakiwi kuwa chini ya E. Sheria hiyo ilianza 2018 kwa mikataba mipya na 2020 kwa yote. Serikali imeshatangaza nia ya kukipandisha kiwango hicho mpaka C ifikapo 2030. Mtu anayenunua ili apangishe akiona D anaanza kupiga hesabu ya matengenezo, na hesabu hiyo anaitoa kwenye bei yako. Zipo pia benki zinazompa mkopaji riba nafuu kidogo nyumba ikiwa na herufi za juu. Ndiyo maana nasema cheti hiki si karatasi ya kutimiza sheria tu.

Sasa kifurushi. Dalali alituuzia vitu vitatu pamoja kwa pauni 140: mpiga picha, mchoro wa vyumba, na cheti. Picha zilikuwa nzuri, sina ubishi. Mchoro nao sawa. Mpimaji aliyekuja alikuwa kijana mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, lakini alikuwa na haraka ya mtu mwenye nyumba nyingi za kumaliza siku hiyo. Mlango wa dari uko pale juu ya ngazi, unaonekana, hakuomba ufunguliwe. Nilimwambia ninazo karatasi za ukuta, nikamsogezea faili. Akasema haina haja, mfumo utajaza wenyewe.

Na kweli ulijaza. Cheti kilipotoka kilisema D, alama 61. Ukisoma mstari wa ukuta: uwazi haujajazwa, na mbele yake maelezo kwamba hilo limekisiwa. Mstari wa paa: limekisiwa vilevile. Nataka msomaji aielewe hii, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotelea. Mpimaji haruhusiwi kuandika kitu ambacho hakukiona na hakuthibitishiwa. Asipoona na asipopewa ushahidi, programu inachukua mwaka wa nyumba na kuipa hali inayokisiwa kwa nyumba za umri huo. Nyumba ya 1930 isiyoangaliwa darini inapewa dari ya nyumba ya 1930. Pamba yako yote uliyoinunua na kuibeba mgongoni inahesabika kama haipo. Mimi nafanya kazi wodini, na kwetu dawa usiyoiandika ni dawa ambayo hukuitoa, hata kama mgonjwa mwenyewe anaapa kuwa ameimeza. Kwa hiyo kanuni yenyewe siilaumu. Ninachokilaumu ni mtu kuwekewa ushahidi mezani akakataa kuufungua.

Tulipolalamika kwa dalali, jibu lilikuwa kwamba D ni kawaida kwa mtaa ule na tusijisumbue. Sikukubali. Kila cheti kina jina la mpimaji na chombo kilichomwidhinisha, pamoja na mahali pa kupeleka malalamiko, na hiyo ni njia halali kabisa. Lakini tangazo lilikuwa limeshatoka na herufi mbaya iko juu yake, na mume wangu akasema kwa haki kwamba kusubiri majibu ya barua kutatuchelewesha kuliko kumwita mpimaji mwingine. Sheria haikatazi. Cheti kipya kikiingia kwenye rejista, ndicho kinachokuwa cha nyumba.

Huyo mwingine tulielekezwa na mama mmoja mwenye duka Belgrave Road. Wanaoishi Leicester wanajua: maduka yale yana wazee wa Kihindi waliokuja kutoka Uganda mwaka 1972 Amin alipowafukuza, na ukiingia ukasalimia kwa Kiswahili unaweza kutoka na punguzo na chai. Mpimaji wetu ni mmoja wa watoto wa wakati ule, mzaliwa wa Jinja, sasa ni mzee mwenye mvi na kitambulisho cha uidhinishaji shingoni. Kiswahili chake ni cha Uganda, kina haraka, lakini kinaeleweka mpaka mwisho. Bei yake pauni 65, cheti peke yake.

Hakuanzia ndani. Alizunguka nyumba kwanza, mikono nyuma, anatazama ukuta. Karibu na sanduku la mita ya gesi akasimama, akaweka kidole kwenye saruji katikati ya tofali. Nimeishi nyumba ile miaka yote hiyo na sikuwahi kukiona: kiraka cha mviringo, kidogo kama sarafu, rangi yake imepauka kuliko saruji iliyokizunguka. Akasogea hatua moja, akaonyesha kingine. Halafu kingine juu, chini ya dirisha la chumba cha watoto. Ukishakijua kimoja unaviona vyote, vimepangwa kwa mpangilio ukuta mzima.

"Mama, hapa walitoboa," akasema. "Karatasi iko?"

Nikamwambia iko. Akasema, "Lete. Tundu linasema walitoboa. Karatasi ndiyo inasema walijaza."

Nikampa dhamana ya CIGA, ile ya miaka 25 wanayokupa ukuta ukijazwa na kampuni iliyosajiliwa. Aliisoma yote, akalinganisha anwani na namba ya mlango, akaipiga picha. Siwezi kueleza nilivyofarijika kumwona mtu anasoma.

Darini alipanda kwa ngazi yake mwenyewe. Alichomeka rula ndani ya pamba sehemu tofauti tofauti, si pale mlangoni tu, na kila mahali akapiga picha rula ikiwa imesimama ndani. Kwenye jiko la nyuma, ambalo paa lake ni bapa na huwezi kuingia juu yake, aliomba cheti cha halmashauri cha kukamilika kwa ujenzi. Sababu aliyonipa ni nzuri: paa lile halionekani, lakini tarehe inaonekana, na sehemu iliyojengwa 2016 inahesabiwa kwa kanuni za ujenzi za wakati wake badala ya za 1930. Bila tarehe ile, mpimaji anabaki kukisia umri wa jiko kwa macho.

Madirisha alipima moja moja kwa kipimo cha leza. Alinieleza kwamba tangu Juni 2025 wapimaji wanatumia utaratibu mpya unaowataka wapime madirisha yote, wakati zamani mengi yalikadiriwa tu kwa ukubwa wa nyumba. Kwa hiyo kama mpimaji wako hakupima dirisha hata moja, muulize vizuri. Alisoma namba ya modeli ya boila, akaangalia vifundo vya kurekebishia joto kwenye kila hita, akahesabu taa, akaangalia kama bomba la moshi la sebuleni liko wazi au limezibwa. La kwetu limezibwa. Bomba lililo wazi linahesabiwa kama mahali joto linapotorokea.

Cheti chake kilitoka na C, alama 71. Hatukuwa tumebadilisha hata taa moja baina ya mpimaji wa kwanza na huyu.

Niseme na mapungufu ya cheti chenyewe, kwa sababu wauzaji na wanunuzi wote wanakisoma vibaya. Zile pauni za matumizi ya mwaka zilizoandikwa pale si bili yako. Wanakadiria kwa familia ya kawaida inayopasha nyumba joto kwa saa za kawaida, na hawahesabu friji, televisheni wala jiko lako la umeme. Sisi wenye wazazi wanaokuja kututembelea kutoka pwani na kutaka hita iwake mchana na usiku tunatumia zaidi ya hapo. Pia kuna orodha ya mapendekezo, kwetu ilikuwa kuzuia baridi ya sakafu na kuweka paneli za sola, kila moja na makadirio ya gharama. Mnunuzi mmoja aliisoma kama orodha ya ubovu. Haimlazimishi mtu chochote. Usianze kutoboa sakafu ili uuze.

Na mzee mwenyewe ana yake. Anachukua muda mrefu. Ukiwa na zamu ya mchana usimpange asubuhi hiyo hiyo. Hatoi miadi ya karibu, na hapigi picha za tangazo wala kuchora vyumba, hivyo hayo utatafuta kwingine. Mimi kwangu hizo ni kasoro ndogo sana.

Jambo ambalo sikulitegemea ni jinsi faili lile lile lilivyoenda kutufaa kwa wakili. Muuzaji anajaza fomu mbili kubwa, TA6 na TA10. TA10 ni ya vitu unavyoacha na unavyoondoka navyo, mapazia, jiko, mpaka fimbo za mapazia, na inachosha tu. TA6 ndiyo yenye uzito: mipaka na nani anatunza uzio upi, ugomvi na majirani, mafuriko, ule mmea wa Kijapani (Japanese knotweed) unaoogopwa kwa kuharibu majengo, na kila ujenzi uliofanyika. Kila unapojibu ndiyo kwenye ujenzi, kitafutwe cheti. Madirisha yaliyobadilishwa baada ya tarehe 1 Aprili 2002 yanatakiwa yawe na cheti cha FENSA, chombo cha wafungaji madirisha, au cha halmashauri. Boila iliyowekwa na fundi wa Gas Safe, rejista ya mafundi wa gesi, ina cheti chake cha kufuata kanuni za ujenzi. Nyaya za umeme za jiko jipya nazo zina chake. Karatasi hizo ni zilezile, au ndugu zake, alizozisoma mzee wa Jinja.

Madirisha yetu ya mbele yaliwekwa na mwenye nyumba aliyetutangulia, na cheti hakikuwahi kutufikia. Hili linatokea sana na halikwamishi: FENSA wanatafuta kwa anwani na kukuuzia nakala mtandaoni. Gas Safe nao wanatoa nakala. Halmashauri inatoa nakala ya cheti cha ujenzi kwa malipo.

Ila kabla hujaipigia halmashauri simu, ongea na wakili. Hapa nawaomba mnisikilize. Kama kuna ujenzi uliofanyika bila kibali au bila kukaguliwa, mara nyingi mawakili wa pande mbili hukubaliana kununua bima ya kumlinda mnunuzi, na inamalizika hapo kwa pesa isiyo kubwa. Lakini kampuni za bima kwa kawaida zinakataa ikiwa halmashauri imeshajulishwa. Ukipiga simu kwa nia njema, "samahani, mna kumbukumbu za chumba changu cha darini?", unaweza kuwa umejifungia mlango huo mwenyewe. Wakili wetu alituambia hilo siku ya kwanza, na kwa hilo peke yake nampa nyota tano. Zaidi ya hapo alikuwa anajibu barua pepe na hakutufanya tujione wajinga, jambo ambalo wengi wetu tunalijua thamani yake.

Nakala ya hati na ya ramani ya kiwanja kutoka Masjala ya Ardhi ni pauni 7 kila moja tangu Desemba 2024, na wakili anazivuta mwenyewe. Zipo tovuti za watu binafsi zinazokuuzia nakala hizo hizo kwa bei ya juu sana. Achana nazo.

Kwa sisi tuliotoka nyumbani kuna la ziada: majina. Jina lililo kwenye hati likitofautiana na la pasipoti yako ya sasa, kwa sababu ya ndoa au kwa sababu uhamiaji uliwahi kugeuza la baba likawa la ukoo, wakili atataka uthibitisho wa mnyororo mzima. Kama cheti chako cha ndoa kimeandikwa Kiswahili kitupu, tafuta mfasiri aliyeidhinishwa mapema, usingoje mpaka mnunuzi awe tayari. Nimeona mauzo ya rafiki yangu wa karibu yakisimama kwa herufi moja iliyozidi kwenye jina la babu.

Wifi yangu aliyeko Glasgow ananishangaa kwa habari hizi zote. Scotland muuzaji anatoa ripoti ya nyumba tangu Desemba 2008: ukaguzi wa mpimaji majengo, ripoti ya nishati na dodoso la muuzaji, vyote pamoja, na isiwe imezidi wiki 12 nyumba inapotangazwa kwa mara ya kwanza. Unalipa zaidi mwanzoni, lakini mnunuzi anajua ubovu kabla hajatoa bei. Huku kwetu mnunuzi anatuma mkaguzi wake baadaye, na hapo ndipo bei inapoanza kurudishwa nyuma wakati umeshaanza kufunga makabati. Mimi naona wao wamepata lililo jema. Na mama yangu Tanga, nilipomweleza kwamba watu wananipimia pamba ya darini, aliuliza mbona hawaulizi hati, risiti za kodi ya ardhi na ridhaa ya mume. Nikamwambia hayo nayo yanaulizwa, kwa sura nyingine.

Kama unauza mwaka huu, anza na faili kabla ya dalali. Weka humo dhamana ya ukuta, risiti ya pamba inayoonyesha unene na anwani, cheti cha boila, cha madirisha, cha umeme, na cha halmashauri kwa kila ulichoongeza. Risiti isiyo na anwani ya nyumba mpimaji anaweza kuikataa, na ana haki. Ondoa maboksi chini ya mlango wa dari. Mpimaji akifika, mwulize kitu kimoja kabla hajaanza: "Utapanda darini na utasoma karatasi zangu?" Akisita, mrudishe kwa heshima na umtafute mwingine.

Kifurushi cha dalali nakipa nyota mbili, zote za mpiga picha. Mzee wa Jinja tano. Jina na namba yake siweki hapa kwa sababu hakuniruhusu, lakini waliopo Leicester waniandikie faraghani, nitamwuliza kwanza. Mtumieni ujumbe badala ya kupiga. Mchana huwa yuko darini kwa watu na simu ameiacha chini.